Mtegemezi

Fairbanks, saa kumi na moja alfajiri, Januari.
Nje ni nyuzi arobaini chini ya sifuri,
moshi wa magari umeganda wima
kama watu waliosahau wanakokwenda.
Ndani, mimi na Calvin, soksi kwenye sakafu baridi,
viatu vyetu vimeshatangulia kwenye mashine.

Kadi ya jeshi niliyompa afisa
muda wake uliisha siku kumi na moja zilizopita.
Ina picha yangu ya enzi za nywele ndefu,
na chini ya picha neno moja: MTEGEMEZI.
Leseni ya Louisiana nayo ilikufa zamani,
tulipokuwa Ujerumani, wala hakuna aliyeilia.

"Mbona hukuomba nyingine?"

Nimekwenda, bwana. Mara mbili nimekwenda.
Fomu inataka sahihi ya mume wangu,
na mume wangu yuko mahali
ambapo hata jina lake sijaambiwa.
Simu hulia Jumapili. Dakika nne, kisha upepo.

Nikachomoa hati ya uwakili.
Kwa karatasi hii naweza kuuza gari lake,
kufunga akaunti yake, kuvunja mkataba wa nyumba,
kumruhusu daktari ampasue mwanawe.
Karani wa kambini aliisoma mstari kwa mstari,
akapangusa miwani, akasema:
kadi haikutajwa.

Afisa anapiga simu. Anachechemea kidogo anapogeuka,
goti la mtu aliyewahi kubeba begi zito kwa amri.
Sauti ya mbali inamtuma aniulize
niliishi mtaa gani kabla ya huu, na kabla ya ule.

Miaka tisa, bwana, nyumba saba.
Leesville, ile yenye mchwa.
Clarksville, alikozaliwa huyu,
baba yake akamwona kwanza kwenye kioo cha simu.
Watertown, theluji hadi kizingiti cha dirisha,
nikajifunza kuwasha tanuri kwa teke.
Vilseck. Jirani aliyeniachia supu mlangoni
bila kujua jina langu.
Lawton, miezi mitano, masanduku mengine
hatukuyafungua kabisa...

"Nimeuliza mtaa, mama. Si mchwa."

Foleni nyuma yangu inakohoa.
Naitafuta Lawton kichwani, naona pazia tu,
pazia la kijani lililokuwa fupi kwa kila dirisha.

"Mtaa wa Pecan," anasema Calvin,
"namba mia nne na kumi na mbili."
Hamtazami yeyote. Anavuta uzi wa soksi.
Kila tulipohamia nilimkaririsha usiku,
kabla ya sala, kabla ya maji ya kunywa:
ukipotea, mwanangu, sema hivi.

Afisa anairudia namba kwenye simu. Anasubiri.
Anatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Bado mizigo. Glavu za buluu zinafungua kila zipu,
zinainua gauni jeusi, zinalirudisha
limekunjwa vizuri kuliko nilivyolikunja mimi.
Zinakuta risiti ya mafuta iliyoandikwa nyuma.

"Na hii?"

Maneno ya mume wangu kwa bibi yake, Augusta,
aliyemlea, tunayemzika kesho kule Duluth.
Aliyasema Jumapili, nikaandika kwenye nilichokuwa nacho.
Mstari wa mwisho haukumalizika. Dakika zilikwisha.

Hakuisoma. Aliiweka ndani ya mkunjo wa gauni,
akapapasa zipu kana kwamba ina kidonda.
"Nendeni," akasema. "Lango la tatu. Wanafunga."

Mkono mmoja begi, mkono mmoja buti.
Nilipoyumba, bega la Calvin lilikuwapo,
dogo, gumu, lenye joto la usingizi.
Nikamwegemea mpaka mguu ukaingia.

Kisha tukakimbia, kamba za viatu zikiburura.